Mukono Ule Ulijifunza Wapi?

Kabambare, tarehe 14 Aprili 2024

Bibi yangu mupenzi Aicha,

Salamu kutoka nyumba ambayo haina tena kelele yako. Mimi niko muzima, mbuzi wako iko muzima, ila yule kuku mweusi amekataa kulalia mayai tangu uende kungojea uzazi kwa mama yako, kama vile na yeye anangojea ruhusa. Antena ya simu haijatengenezwa. Watu wanapanda kilima kutafuta rezo, wanashuka na simu zao kama walivyopanda. Basi tutaandikiana kama wazee wetu. Ayoubu anakuja Kasongo na moto yake, ile pikipiki, mara kwa mara, atabeba barua zangu na za kwako. Ni mutu wa kuaminika, ila anapenda maneno.

Habari kubwa ni hii: Pitchou amemaliza filimu. Ni ile tuliyotengeneza hapa shuleni kwetu katika likizo kubwa, wakati ulikuwa kule Wamaza kwa shangazi yako. Ameiita *Benchi ya Dirishani*. Ataionyesha Kasongo jumamosi hii, muchana, katika ile sali, ule ukumbi wa karibu na soko.

Inahusu fimbo shuleni. Sitaki kukueleza yote. Haiko kama zile filimu za kupigana ambazo ndugu zako wanapenda. Humo watu hawasemi sana, na jambo lenyewe linapita pembeni ya macho. Pitchou alijifunza hayo Kinshasa, anasema mutu anayetazama lazima afanye kazi na yeye. Nilimujibu kwamba watu wa Kasongo wanafanya kazi juma nzima, jumamosi wanataka kupumzika.

Mimi ndio mwalimu katika filimu. Mutu wa Lusangi aliyeahidi kucheza hakufika, Pitchou akaniangalia tu, nikajua.

Nenda na Mama, na zaidi sana umupeleke Baba. Ninaogopa macho yake kuliko macho ya Kinshasa yote. Tangu alipokubali nikuoe, amekuwa ananiita "mwalimu" kwa heshima mbele ya watu dukani kwake, na mimi sijapata kumuonyesha kazi yoyote ya mikono yangu. Aione hii. Halafu uniandikie alisema nini, neno kwa neno.

Usikae karibu na jenereta, moshi si muzuri kwa tumbo lako.

Mume wako,
Iliasi

———

Kasongo, tarehe 22 Aprili 2024

Mume wangu Iliasi,

Assalam aleikum. Tumbo liko sawa, muguu mumoja tu unavimba jioni. Mama ananilisha wali na samaki mpaka ninaogopa kupita mulangoni.

Sasa filimu. Sali ilijaa, watu wengine wakasimama ukutani. Pitchou alifunika madirisha kwa mikeka na makaratoni, joto likawa kama la ndani ya chungu. Mwanzo tuliona barabara na watoto wanaenda shule. Wanaenda, wanaenda. Alain, yule muuza mafuta ya moto, akaita: "Pitchou, hiyo njia tunaijua, tupeleke tunakoenda!" Watu wakacheka. Halafu ukatokea wewe mbele ya ubao. Mama akasema kwa sauti, "Mukwe wangu yule!" na vichwa vyote vikatugeukia.

Halafu ukatoa saa yako, ukaiweka juu ya meza. Ukakunja mukono wa shati, polepole, mara mbili. Ukamuita yule musichana wa benchi ya dirishani.

Na wakati fimbo inaanza, picha ikawaacha! Ikaenda kwa nyuso za watoto, kisha kwa dirisha, ikakaa hapo. Tunasikia tu. Watu wakaanza: "Mashine imekwama! Rekebisha!" Pitchou akasimama akasema haikukwama. Mbuzi akapita nje ya lile dirisha, watu wakacheka, unajua kile kicheko cha mutu aliyepata pa kupumulia, lakini fimbo iliendelea kusikika chini ya kicheko, wakaacha mumoja mumoja. Kisha kesho yake katika filimu nafasi ya yule musichana iko wazi. Hakuna anayeuliza. Watoto wanafagia kelasi, wanafagia mpaka chini ya nafasi yake, na filimu imekwisha.

Iliasi, sijaona watu wakigombana namna ile hata siku ya uchaguzi. Wengine walipiga makofi. Wengine walikaa kama wanangojea sehemu ya pili. Alain alisema, "Nimekuja kuona filimu, nimeona dirisha." Direktere mumoja wa shule ya hapa mujini alitoka kabla filimu haijaisha, anasema ni matusi kwa walimu. Mama mumoja nyuma yangu alilia na kusema hajui analia nini. Vijana waligombana juu ya yule musichana: wengine wanasema alikufa, wengine wanasema yuko Nyangwe kwa bibi yake, mumoja akasema ni pesa za filimu zilizokwisha. Walipomuuliza Pitchou, akajibu, "Hata mimi sijui." Walitaka kumupiga.

Baba alikaa mustari wa mbele na kofia yake ya Idi. Alitoka mapema kidogo kwa sababu ya joto. Anakusalimia.

Na mimi, hukuniambia ni mwalimu wa namna gani. Nilikuangalia nikasema moyoni, yule ni nani? Lakini ulikuwa muzuri. Ninasema kweli.

Wako,
Aicha

———

Kabambare, tarehe 1 Mei 2024

Bibi yangu,

Nilisoma barua yako mara nyingi, nikaisomea hata kuku. "Nimeona dirisha"! Pitchou alipita hapa, nikamuambia hayo, akafurahi kama amepewa zawadi. Anasema filimu ambayo watu wote wameikubali, watu wote wameisahau kabla ya kufika nyumbani.

Usisikitike juu ya yule musichana. Ni Estelle, wa kelasi yangu ya mwaka wa tano, yule anayekuletea maembe. Wakati wa fimbo alikuwa nje anakula karanga. Tulipiga gunia la muhogo. Mara ya kwanza alicheka pale dirishani, tukaanza tena. Mara ya pili mbuzi akapita, na huyo mbuzi ni wako, hukumujua? Nilikuwa ninangojea uniandikie, "Iliasi, mbuzi wangu!"

Ninashukuru Baba alifika. Joto hilo ninalijua. Lakini hukuniandikia neno lake hata moja. Labda alisema jambo kubwa na wewe unalihifadhi mpaka tukutane. Muulize tena kwa niaba yangu, akiwa ameshiba.

Nimepaka chumba chokaa. Nimetengeneza kitanda kidogo kwa mbao za Grégoire, direktere wetu. Ukimaliza siku zako za uzazi nitakuja mwenyewe kukuchukua. Ayoubu ataleta moto, tutaenda polepole, tutalala Wamaza kwa shangazi. Jumapili ya pili ya mwezi huu Pitchou anaonyesha filimu hapa. Omba Mungu.

Iliasi wako

———

Kasongo, tarehe 13 Mei 2024

Mume wangu,

Alhamdulillahi. Umepata musichana. Alizaliwa jumamosi, jua likiwa kichwani, bila taabu nyingi. Ana nywele kama mukubwa na vidole virefu vya kwako. Mama anamuita Faida tangu saa ya kwanza, na mimi nimezoea; ukikubali, libaki hilo. Akilia anaanza na mudomo wa chini, unatetemeka peke yake kabla sauti haijatoka. Ninacheka mpaka mishono inauma.

Juu ya kuja kunichukua, usiharakishe. Mvua bado iko, wanasema daraja moja limevunjika, na Mama anataka ninenepe. Tungoje kwanza. Nitakuandikia mimi.

Baba amemubeba. Hakutaka kumurudisha.

Aicha

———

Kabambare, tarehe 20 Mei 2024

Mama Faida,

Nimeandika jina hilo kwanza ili nilione. Faida. Ndiyo, libaki. Nilipopata barua nilikuwa kelasini. Nilisoma, nikawaambia watoto, "Mwalimu wenu amepata mutoto," wakapiga meza mpaka Grégoire akaja kuuliza nani amekufa. Jioni majirani walileta nini na nini. Mama wa Estelle alileta kuku. Nimeimba nyumbani peke yangu, na unajua sauti yangu.

Sasa jambo lingine, na ninaliandika polepole.

Nilimuuliza Ayoubu daraja gani limevunjika. Akasema madaraja yote yako, alipita juzi. Nikamubana. Akasema sokoni Kasongo watu wanajua kwamba Muzee Atumani ameapa binti yake hatarudi kwa mutu mwenye mukono ule. Aicha, ni kweli? Au ni wewe unaogopa? Uliandika, "yule ni nani?" na mimi nilicheka niliposoma. Sasa sicheki. Kama ni wewe, niambie wewe. Nitalibeba.

Nikuambie ya hapa. Filimu ilionyeshwa jumapili ya juzi katika kelasi mbili zilizofunguliwa kuwa moja. Hapa watu wananijua, basi nilipotokea kwenye ubao walilia kwa kicheko. Jirani yetu, baba ya Pacifique, akaita, "Mwalimu Iliasi, wewe hata kuku unaomba jirani akuchinjie!" Walicheka mpaka pale ninapotoa saa. Halafu nikaona kitu. Watoto wetu walikaa chini mbele, na nilipokunja mukono wa shati katika filimu, wengi wao wakaficha mikono yao makwapani. Si watoto wa kelasi yangu tu. Hakuna aliyewaambia. Wazazi walikaa nyuma yao, wakayaona yale makwapa. Grégoire aliyaona.

Baadaye maneno yakawa mengi. Mama mumoja alisema filimu hii itafundisha watoto kiburi. Muzee mumoja akasema, "Sisi wote tulipigwa, tukawa watu." Akajibiwa na mwanamuke wa nyuma, anayeuza majani ya sombe: "Tulipigwa, na wengi hawakurudi shuleni. Munaona waliobaki tu." Wakakata sali katikati kama embe. Grégoire hakusema upande wowote. Mpaka leo hajaniambia neno zaidi ya salamu, na sijui kama nina kazi mwaka ujao.

Nibusie Faida pale mudomo wa chini unapoanza.

Iliasi

———

Kasongo, tarehe 27 Mei 2024

Mume wangu,

Nisamehe juu ya daraja. Nilifikiri Baba atapoa kabla hujajua, na wewe ungebaki na furaha yako. Si mimi ninayeogopa. Nimelala karibu na wewe miaka mitatu. Najua unavyoamka, najua unavyokasirika: unafagia kiwanja. Niliandika "yule ni nani" kwa sababu nilikusifu, mujinga wewe.

Sasa nakuambia neno kwa neno kama ulivyotaka. Baba hakutoka juu ya joto. Alisimama pale fimbo ilipoanza, akapita mbele ya picha, kivuli chake kikaingia kwa dirisha la filimu, akatoka. Nyumbani hakula. Asubuhi akaniita dukani, mimi na tumbo langu, kati ya vitambaa. Akasema, "Wewe hutarudi Kabambare."

Nikasema, "Baba, ni muchezo. Walipiga gunia."

Akasema, "Gunia ninalijua. Mimi sikuliangalia gunia. Miaka arobaini ninauza vitambaa, Aicha. Akiingia mutu hapa akashika mita, najua kama amepima maisha yake yote au anajifanya anapima. Mume wako hakujifanya. Saa ile, kukunja kule. Mutu hawezi kukunja vile kama hajakunja mara nyingi. Mukono ule ulijifunza wapi?"

Ninajua hujawahi kupiga mutoto. Lakini sikujua mukono ulijifunza wapi, Iliasi, na Baba aliona kwamba sijui. Basi kila nikisema neno, ananiuliza lile lile.

Mama amemugombeza. Amemupikia muhogo mukavu siku nyingi, anakula bila kulalamika. Faida ndiye peke yake anayemuchekesha. Anamuimbia nyimbo ambazo sisi hatukuimbiwa.

Usimuandikie kwa hasira. Lakini muandikie.

Aicha

———

Kabambare, tarehe 2 Juni 2024

Muzee wangu Atumani, Baba mukwe,

Assalam aleikum wa rahmatullahi. Ninakusalimia na Mama, na ninashukuru kwa mikono inayomubeba mutoto wangu.

Aicha ameniambia ulichouliza. Sikukasirika. Nilikaa na swali lako siku kadhaa, kwa sababu Baba, wewe peke yako ndiye uliyeona. Kinshasa, alikowaonyesha walimu wake kwanza, walimusifu Pitchou kwa mwanga na kwa ukimya. Hakuna aliyeuliza juu ya mukono.

Mukono huo si wangu. Mimi na Pitchou tulisoma pamoja Nyangwe, mwaka wa inne. Tulikuwa na mwalimu ambaye alitoa saa kwanza, isivunjike. Aliiweka juu ya meza, kioo kikiangalia juu. Kisha alikunja mukono wa shati, mukunjo wa kwanza mupana, wa pili mwembamba, na akiufanya wa pili alikuwa anatuangalia ili kuchagua. Nilikuwa na miaka tisa. Siku nyingi alinichagua mimi, kwa sababu nilikuwa mukubwa wa mwili na sikulia haraka. Mutoto anayemuangalia mutu kwa woga namna ile anamujua kuliko mama yake alivyomujua. Mpaka leo ninaweza kukuambia ni kidole gani alishika nacho kifungo.

Nilijifunza nikiwa kwenye benchi, Baba, si mbele ya ubao.

Pitchou alikaa karibu na dirisha. Wakati sisi tunapigwa, yeye alikuwa anaangalia nje. Hakuweza kutuangalia sisi, na hakuweza kutoka. Watu wanasema filimu imeonyesha dirisha tu. Ndicho alichokiona.

Siku tuliyotengeneza ile sehemu, picha ya kukunja shati tuliichukua mara moja tu. Pitchou akasema, "Simama, imetosha." Hakutaka nirudie. Tukatoka nje, tukakaa penye kivuli cha ukuta mpaka Estelle akatuletea karanga zilizobaki.

Kelasini kwangu saa yangu inabaki mukononi. Kama huamini barua, na mufanyabiashara ana haki asiamini karatasi, njoo uone mwenyewe. Njoo siku yoyote, bila kunipa habari. Watoto wangu ni wengi na wana kelele, utachoka masikio. Lakini kama ukiona hata mumoja anaficha mikono yake ninapokaribia, rudi na binti yako na mujukuu wako, sitakuja kuwadai.

Mukwe wako,
Iliasi

———

Kasongo, tarehe 11 Juni 2024

Mume wangu,

Kwa haraka, Ayoubu anawasha moto.

Baba alisoma barua yako dukani, amefunga mulango ubavu mumoja. Hakutuambia iko nini ndani. Siku ya pili alimuita Pitchou aje na kompyuta yake, akaiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaangalia filimu peke yake. Mimi nilipita na chai. Safari hii hakutoka. Alikuwa anaangalia lile dirisha, na mikono yake miwili iko juu ya magoti. Mbuzi alipopita hakucheka.

Akaniuliza, "Aicha, yeye alikueleza juu ya Nyangwe?" Nikasema hapana. Akanipa barua yako nisome. Nikaisoma mimi na Mama, mumoja anashika mutoto, mwingine anashika karatasi, tukabadilishana.

Iliasi. Miaka mitatu. Nitakugombeza nikifika, na nitakugombeza vizuri.

Ndiyo, nikifika. Siku zangu zikiisha anatuleta yeye mwenyewe. Amemuambia Ayoubu atafute moto mbili, na moja iwe na kiti kizuri. Anasema anakuja pia kuangalia kitu. Hataki kusema siku. Paka chokaa tena kama imechafuka.

Mama Faida

———

Kasongo, tarehe 30 Juni 2024

Mukwe wangu Iliasi,

Assalam aleikum. Nimefika salama. Mugongo unauma, sikuumbwa kwa safari ya moto. Wamaza shangazi yenu alinipa ndizi ambazo zimeanguka zote njiani. Wasalimie Aicha na mutoto. Nyumba yangu imekuwa kubwa tangu niwaache kwenu, na mama yenu anazunguka ndani anatafuta kitu cha kukunja.

Nilikuwa nimekusudia kukaa kwenu usiku mumoja, nikakaa siku tatu, na ninajua chakula chenu kilipungua. Sikukuambia mengi wakati ule. Mimi ni mutu wa kuuza, ninasema sana kwa mambo madogo, kwa makubwa ninakauka. Basi ninaandika.

Grégoire, direktere wako, alinikaribisha ofisini. Fimbo ziko pale kwake, zimefungwa pamoja kama kuni, kwenye kona nyuma ya kabati. Nilimuuliza za nini. Akasema alizikusanya kwa walimu wote baada ya ile jumapili, na kwamba hajui bado atazifanya nini, wazazi wengine wanamudai azirudishe. Nikamuuliza kama aliipenda filimu. Akasema, "Siipendi. Inachosha, na haina mwisho. Nimemuomba Pitchou aionyeshe tena, wazazi wa Wamaza nao waione." Nilimuambia mutu kama yeye ningemupa kazi dukani. Juu ya kazi yako hakusema neno, ila alikuhesabu kati ya walimu wa mwaka ujao mara mbili mbele yangu, na nadhani alitaka nikuambie.

Sasa kelasi yako. Nilikuja bila kukupa habari kama ulivyosema, nikakaa nyuma kwenye benchi ambayo magoti yangu hayakuingia. Uliniona, ukataka kusimamisha kazi, nikakupungia uendelee. Watoto walinigeukia kidogo, wakanisahau. Ulikuwa unafanya hesabu ya mifuko ya muchele. Ukaandika jibu ubaoni. Na kasichana kamoja ka benchi ya mbele, kadogo, kenye rasta mbili, kakasimama bila kuitwa, kakasema, "Mwalimu, hapana. Umekosea pale."

Iliasi, mimi nilishika meza. Wakati wangu aliyemuambia mwalimu amekosea hakufika nyumbani na miguu yake.

Wewe uliangalia ubao. Ukajikuna kichwa. Ukasema, "Wapi?" Kakatoka, kakakuonyesha kwa kidole, ukafuta, ukaandika upya, ukasema, "Asante, umetuokoa." Kakarudi kukaa. Sikuangalia wewe, niliangalia kenyewe. Hakakuwa na furaha ya kushinda, hakakuwa na woga. Kalishika kalamu kakaendelea, kama mutu aliyefukuza inzi. Hayo kwao ni mambo ya kila siku. Ndipo nilipoelewa nilichokuja kuona, nikatoka nje nikajifanya ninatafuta maji ya kunawa.

Nilifikiri nitakuomba radhi nikiwa pale, ikashindikana, kila mara Aicha alikuwa karibu anatuangalia kama tuko sinema. Pokea hapa. Nilikukosea, nikamunyima mutoto baba yake mwezi muzima. Sokoni nimesema kwamba nilikosea, kwa sauti ile ile niliyoapa nayo. Alain amesema yeye bado anaona ilikuwa dirisha tu, tukagombana mpaka watu wakatuletea viti.

Mama mukwe wako, Malaika, amesema Faida atasoma Kasongo kwetu, shule ni nzuri zaidi. Nimemukatalia. Atasoma pale, kelasini kwako, benchi ya mbele. Na siku akisimama kukuambia umekosea, angalia hesabu yake vizuri kwanza kabla ya kufuta. Upande wetu sisi tunajua hesabu. Lakini damu yako nayo iko ndani yake, anaweza na yeye kukosea.

Baba mukwe wako,
Atumani